Magonjwa ya Uzeeni Hayaji Moja Moja

(Maelezo yaliyotolewa kwenye semina ya wajumbe wa Kamati na Makatibu wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa)



Katika semina za namna hii mazungumzo kwa kawaida huwa juu ya mizania, hisa, mikopo na utunzaji wa vitabu. Safari hii vitabu ni vilevile, yaani daftari la wanachama na daftari la mapokezi ya kahawa, ila vinasomwa kwa jicho jingine. Mada ni magonjwa yanayompata mtu akishazeeka, hasa pale yanapomwandama mtu mmoja kwa pamoja, na matokeo yake shambani, nyumbani na katika chama.

Huenda mjumbe akauliza maradhi yana uhusiano gani na ushirika, wakati zahanati zipo na waganga wapo. Jibu limo katika daftari la wanachama, kwenye safu ya mwaka wa kujiunga. Ushirika wa kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro ni wa siku nyingi. Chama cha wakulima wenyeji kiliundwa mwaka 1925, na Chama Kikuu, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Wako wanachama walioupokea uanachama pamoja na kihamba kutoka kwa baba zao. Walikuwapo vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, na wakarudi kwenye foleni ya mizani viliporejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 katika mwaka ule wa 1976 leo amekwisha kuvuka miaka 65. Watoto wake wengi wako mijini. Kahawa yake ingali inapogolewa, inachumwa na kubebwa na mikono ileile.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi. Kwa kipimo hicho, vyama vingi vya msingi vya kahawa ni vyama vya wazee, ingawa ajenda za mikutano yake huandikwa kana kwamba wanachama wote wana miaka 30.

Mfano utakaotumika hapa haukuchukuliwa kutoka chama kimoja. Umeunganishwa kutokana na mambo yanayoonekana katika vitabu vya vyama vingi, na kila mjumbe atamtambua ndani yake mtu anayemfahamu.

Na afikiriwe basi mwanachama mwenye miaka 74. Daftari la mapokezi linaonyesha kwamba misimu mitano iliyopita alileta kilo 310 za kahawa ya maganda. Msimu uliofuata akaleta 280, kisha 190, kisha 85. Msimu wa mwisho alileta kilo 40 tu, tena za daraja la chini. Deni la pembejeo halijalipwa. Katika kikao cha Kamati likaletwa shauri la wanachama wanaouza kahawa yao kando, kinyume cha masharti ya chama, na jina la mzee huyu lilikuwa la nne katika orodha. Wajumbe wawili walitaka afutwe uanachama ili iwe fundisho kwa wengine. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Miti yake ilikuwa ingalipo, mvua zilinyesha kwa wote, na jirani zake walivuna vizuri. Kama kahawa haikufika kwenye mizani ya chama, ilikwenda wapi?

Kabla ya kulijibu swali hilo hapana budi kueleza jinsi mwili wa mzee unavyoingiliwa na maradhi. Watu wamezoea kuufikiria ugonjwa kama mgeni mmoja: huja, hukaa, hutibiwa, huondoka, au humchukua mwenyeji wake. Malaria na kichomi huenda hivyo. Magonjwa ya uzeeni mengi hayafuati desturi hiyo. Huja polepole, hayaondoki, na kila moja likishaingia humfungulia mlango mwenzake. Mzee mwenye ugonjwa mmoja tu ni wa bahati. Wengi wana miwili, mitatu, hata mitano.

Kwa mzee huyu mambo yalianzia machoni. Ndani ya jicho kuna kilenzi angavu kinachopitisha mwanga. Miaka ikipita kilenzi hicho huingia utando, na ndicho kinachoitwa mtoto wa jicho. Hakina maumivu, hivyo mtu hastuki. Huona dunia kama anayetazama kupitia kioo chenye ukungu, na rangi hufifia. Sasa kazi ya kuchuma kahawa ni kazi ya rangi. Tunda jekundu huchumwa, la kijani huachwa. Mzee asiyeona vema huchuma yote kwa kupapasa, na yale mabichi hayamenyeki sawasawa katika mashine, nayo huharibu yaliyo mema. Karani wa mizani huona daraja limeshuka, naye huandika daraja. Hakuna safu ya kuandika macho.

Kisha magoti. Gegedu linalokinga ncha za mifupa kwenye kiungo hulika, mifupa ikakaribiana, na kila hatua ya kuteremka bondeni ikawa adhabu. Kahawa haingoji magoti. Matunda yaliyochumwa leo yafaa yamenywe leo. Mashine ya mkono huhitaji bega na kiuno chenye nguvu. Mzee akichoka huacha debe mbili zilale mpaka kesho, zikachacha, na daraja likashuka tena. Baadhi ya wakulima hupima ukavu wa kahawa kwa kuing'ata punje kwa meno. Huyu meno ya kung'atia hakuwa nayo. Jambo hili laweza kuonekana la kuchekesha, lakini kilo ngapi zimerudishwa nyumbani kutoka mizanini kwa sababu ya unyevu ambao meno ya zamani yangeligundua?

Kwa ajili ya magoti alinunua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, akavimeza kila siku kwa mwaka mzima. Hapa ndipo maradhi yalipoanza kushikana mikono. Vidonge vya jamii ya diklofenaki na vingine vya namna hiyo, vikitumiwa mfululizo, huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha shinikizo la damu, huumiza figo na huweza kutoboa tumbo. Mzee huyu tayari alikuwa na shinikizo la damu. Dawa ya zahanati ilikuwa ikilishusha, na dawa ya dukani ikilipandisha. Muuguzi alipoona presha haishuki, akadhani mzee hamezi dawa. Mzee akaona anasingiziwa, akaacha kwenda kliniki.

Tena dawa ile ya presha ilikuwa ya aina inayopunguza maji mwilini kwa njia ya mkojo. Kwa kijana si tatizo kubwa. Lakini mzee mwanamume mara nyingi ana tezi dume iliyotanuka, inayobana njia ya mkojo na kumwamsha usiku mara tatu au nne. Dawa ikaongeza safari hizo. Akabuni ufumbuzi wake mwenyewe. Siku ya mizani hakumeza dawa, kwa sababu pale mizanini hapakuwa na choo cha karibu, na kusimama foleni saa nne akibanwa ni aibu asiyoweza kuistahimili mtu wa heshima. Siku nyingine alimeza dawa lakini hakunywa maji. Mwili ukakauka. Aliponyanyuka ghafla, damu haikuwahi kufika kichwani, akaona kizunguzungu. Usiku mmoja, katika giza, akiwa na macho yale na magoti yale, alianguka kwenye ukingo wa mfereji nyuma ya nyumba.

Hakuvunjika. Wengine huvunjika nyonga, na kwa mzee nyonga iliyovunjika mara nyingi ndiyo mwanzo wa kutoinuka tena kitandani. Huyu alipata michubuko tu, ila kitu kingine kilivunjika, nacho ni ujasiri. Tangu siku hiyo hakuteremka tena kwenye shamba la chini, ambako ndiko kuliko na miti yake mingi. Alikaa barazani. Misuli isiyotumika ya mtu mwenye umri ule hunywea upesi, na mtu aliyenywea huanguka kirahisi zaidi. Hivyo hofu ya kuanguka ikawa sababu ya kuanguka.

Kisukari kiligunduliwa baadaye sana, alipopelekwa hospitali kwa kidonda cha mguu. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga kisiki asijue, kidonda kikaoza asihisi. Huharibu pia figo na sehemu ya nyuma ya jicho, na huharakisha huyo mtoto wa jicho aliyekwisha kutajwa. Ikiambatana na shinikizo la damu, mishipa ya moyo na ya ubongo hushambuliwa kutoka pande mbili, na kiharusi husogea karibu.

Wajumbe wasidhani kwamba huyu ni mzee wa ajabu. Utafiti uliofanywa wilayani Hai na kutangazwa mwaka 2013 uliwapima wazee zaidi ya 2,200 wenye miaka 70 na kuendelea. Takriban saba katika kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao ama hawakujijua, ama walijijua lakini shinikizo halikuwa limedhibitiwa. Hao ni wazee wa vijijini, wakulima, watu wa migomba na kahawa. Ile imani kwamba presha ni maradhi ya wakubwa wa maofisini imekwisha kupitwa na wakati.

Jambo linalosikitisha zaidi ni namna mzee anavyotibiwa vipande vipande. Macho yana siku yao na kadi yao. Sukari ina kliniki yake. Presha ina daftari lake. Magoti yana duka la dawa, na tezi dume ina mti shamba wa mganga wa kienyeji. Kila mhudumu hutazama ukurasa wake. Mtu wa ushirika aweza kulielewa hili vizuri, kwani ni sawasawa na chama chenye madaftari matano yasiyofikishwa katika mizania moja. Kila daftari laweza kuwa safi, na chama kikafilisika. Kwa hiyo shauri la kwanza linalofaa kufikishwa nyumbani kwa kila mwanachama mzee ni rahisi na halina gharama: kila aendapo zahanati, achukue kikapu kimoja, atie ndani yake dawa zote anazotumia, za hospitali, za dukani na za miti shamba, na kadi zote, akaziweke mezani mbele ya mganga. Asiache dawa hata moja kwa uamuzi wake, wala asiifiche. Mganga akiona vyote kwa pamoja aweza kujua ni ipi inayopigana na nyingine, na ipi ibadilishiwe saa ya kumeza.

Sasa yafaa kuzungumzia masikio na akili, maana hapa ndipo chama kinapomkosea mzee hadharani.

Katika mkutano mkuu wa mwaka, mzee huyu alisimama akadai malipo ya pili ambayo yalikwisha kutangazwa na kulipwa. Mwenyekiti akamweleza, naye akarudia dai lilelile. Watu wakacheka, na mmoja akasema mzee amerudi utotoni. Tangu hapo hakuhudhuria tena. Ukweli ni kwamba hakuwa amesikia. Usikivu wa uzeeni hupungua kwa namna ya pekee: mtu husikia sauti lakini hapambanui maneno, hasa penye kelele za watu wengi na mabati yanayovuma. Mzee wa namna hiyo hujibu lisiloulizwa, akaonekana punguani. Akiona anachekwa hujitenga, na kujitenga nako hudhoofisha akili yake kwa kweli.

Hata hivyo upo ugonjwa wenyewe wa kupoteza kumbukumbu, nao si uzee wa kawaida. Utafiti mwingine wa wilaya hiyohiyo ya Hai, uliotangazwa pia mwaka 2013, ulikuta ugonjwa huo kwa wazee wapatao sita au saba katika kila mia, miongoni mwa wenye miaka 70 na zaidi. Mgonjwa husahau mambo ya jana akakumbuka ya mwaka 1960. Huuliza swali moja mara kumi. Hupotea njia aliyoipita maisha yake yote. Huwatuhumu walio karibu naye kwamba wamemwibia. Ugonjwa huu huja kwa miezi na miaka. Lakini kama mzee aliyekuwa timamu Jumapili amechanganyikiwa ifikapo Jumatano, hilo ni jambo jingine kabisa. Huenda sukari imeshuka mno, au ana maambukizi ya mkojo au kichomi, au dawa zimemzidi, au ni kiharusi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe nyumbani kwa maneno ya kwamba ni uzee tu. Neno hilo, "ni uzee tu", limewazika watu wengi waliokuwa na maradhi yenye dawa.

Kuna sehemu nyingine za nchi ambako mambo huwa mabaya zaidi. Katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa, bibi vizee wenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa miaka mingi jikoni wameitwa wachawi, na wako waliouawa kwa ajili hiyo. Kuyataja hapa si kutoka nje ya mada. Maradhi ya mzee yasipopewa jina lake la kweli, watu huyatafutia jina jingine, liwe uchawi, ukaidi, uvivu, au kuuza kahawa kando.

Wanawake wana yao zaidi. Mifupa ya mwanamke hupungua uzito baada ya hedhi kukoma, na mwanamke wa kihamba ndiye anayebeba kichwani majani ya ng'ombe wa ndani, maji na kuni. Uti wa mgongo huweza kuvunjika kidogo kidogo bila ajali yoyote, akapinda mgongo, na watu wakadhani amejikunja kwa umri. Mapafu yake yamevuta moshi wa mafiga tangu utoto. Mara nyingi ni mjane, na daftari la chama lingali lina jina la marehemu mume wake. Analeta kahawa kwa nambari isiyo yake, hana kura, na akifa hakuna anayejua hisa ni za nani. Kamati nyingi zinalifahamu jambo hili na kuliahirisha mwaka hadi mwaka, kwa sababu mama mwenyewe halalamiki.

Sasa ni suala la fedha, ambalo Makatibu hawana budi kulisikiliza kwa makini.

Zamani malipo yalifanyika mezani, mbele ya watu, noti kwa noti. Sasa hupitia benki au simu. Ni jambo jema, limepunguza wizi wa aina moja. Lakini limeleta mashaka kwa mzee mwenye maradhi mengi. Saini yake ya leo, iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka, hailingani na ile aliyoiweka alipofungua akaunti, akarudishwa dirishani. Dole gumba lililosuguliwa na jembe kwa miaka 50 halisomeki katika mashine. Nambari ya siri ya simu anaijua mjukuu, kwa kuwa babu haoni vitufe. Mjukuu aweza kuwa mwaminifu, na walio wengi ni waaminifu. Asipokuwa mwaminifu, hakuna mkaguzi atakayeligundua. Kilo zilizopokelewa zinalingana na kilo zilizolipwa, jumla ya malipo inalingana na taarifa ya benki, na kila tarakimu iko mahali pake, wakati mwenye kahawa hana hata ya sabuni. Wizi wa namna hii hauachi alama katika vitabu.

Vilevile kuna kahawa ya mzee inayofika mizanini kwa nambari ya mtu mwingine. Jirani humsaidia kuchuma, humsaidia kubeba, kisha "kwa kurahisisha" huandikisha kilo zote kwa jina lake mwenyewe na kumpa mzee fedha kidogo mkononi. Katika daftari mzee huonekana ameacha kuleta kahawa, na jirani huonekana mkulima hodari.

Yapo mambo ambayo chama cha msingi kinaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili. Karani wa mizani ataje uzito kwa sauti na kwa taratibu, mbele ya shahidi, kila mwanachama asiyeona vizuri anapopima. Risiti iandikwe kwa tarakimu kubwa. Wazee wapimiwe kwanza asubuhi, na benchi liwepo, na choo kiwepo. Katika mkutano mkuu wazee wakae mbele, na bei zitangazwe kwa mdomo na kuandikwa ubaoni. Kila mwanachama aliyepita miaka 60 aandike mteule wa hisa zake angali ana akili timamu, mbele ya mashahidi wawili, na mteule huyo arudiwe kuangaliwa baada ya miaka michache, maana wateule nao hufa. Wakati halmashauri inapoandikisha wazee kwa ajili ya msamaha wa matibabu, Katibu ahakikishe kwamba mwanachama wake asiyejiweza hakusahaulika kwa sababu tu hakuweza kutembea hadi ofisi ya kijiji.

Kunyunyizia dawa ni jambo la kukatazwa, si la kushauriwa. Mzee asiyeweza kusoma kibandiko hupima sumu kwa kizibo na kwa kukisia. Bomba lililojaa humlemea mgongoni, mikono hutetemeka, na dawa humrudia usoni. Chule buni na kutu ya majani havina huruma, ni kweli, na miti isiyonyunyiziwa huambukiza ya jirani. Kwa hiyo ni kwa faida ya wote kwamba chama kiwe na vijana wachache waliofunzwa na Bwana Shamba, wanyunyizie mashamba ya wasiojiweza, na ujira wao ukatwe katika mauzo ya kahawa. Hapo atakayesema chama hakina fedha hatakuwa na hoja, kwani fedha zimo mtini.

Kumrudia mwanachama wa mfano. Kamati haikumfuta siku ile. Mjumbe mmoja alipinga, si kwa kuwa alijua habari za maradhi, bali kwa kuwa kanuni zinataka mshtakiwa asikilizwe, na mzee hakuwa ameitwa. Wakatumwa wajumbe wawili nyumbani kwake.

Walimkuta barazani, mguu umefungwa kitambaa. Walipoomba kuiona kahawa, aliwapa ufunguo wa stoo bila neno. Ndani yalikuwamo magunia mawili na nusu ya kahawa ya maganda, ya misimu miwili. Gunia moja lilikuwa limeota ukungu kwa kuanikwa nusunusu. Hakuna kilo iliyokuwa imeuzwa kando. Alikuwa hawezi kuibeba hadi barabarani, wala hakutaka kuomba, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kuwa mjumbe wa Kamati na anakumbuka jinsi waombaji walivyosemwa. Katika shamba la chini walikuta matunda yamekaukia mitini na kudondoka.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa hatua ndogo. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, na miezi michache baadaye la kushoto. Vidonge vya dukani viliachishwa baada ya mganga kuviona katika kikapu, akapewa dawa nyingine ya maumivu, pamoja na fimbo. Dawa ya mkojo ilihamishiwa asubuhi, na usiku akapata kulala. Jirani watatu walipogoa miti ya shamba la chini kwa siku mbili. Kijana mmoja alipewa miti hiyo kwa mapatano yaliyoandikwa na kushuhudiwa na Katibu, wagawane mavuno, na kila kilo iandikwe kwa nambari ya mwenye shamba. Msimu uliofuata zilipokelewa kilo 135, na daraja lilipanda.

Si yote yaliyopona. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Sukari ipo na itakuwapo. Masikio hayajarudi, na katika mkutano mkuu hukaa safu ya mbele, mkono nyuma ya sikio, akimtaka Mwenyekiti arudie kila tarakimu. Baadhi ya wajumbe huona anachelewesha mkutano.

Jina lake limeondolewa katika ile orodha ya wanaouza kando. Majina matatu yaliyolitangulia yangalimo, na wenye majina hayo bado hawajatembelewa.